Mteremko wa Nguu Tatu

Nimewahi kufika nchi ya theluji nikarudi Kisauni bila ya kuiona hata chembe yake. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mjini Oslo, nchini Norway, anakoishi wifi yangu na mumewe na watoto wao watatu, jua liliwaka kama la hapa kwetu baada ya masika. Watu walijaa bustanini wakila aiskrimu, na sala ya Magharibi iliingia karibu na saa nne na nusu za usiku, jambo lililonivuruga akili kwa wiki nzima. Nilikuwa nimebeba sweta mbili nzito nilizozichagua kwa makini katika soko la Kongowea. Zilirudi zimekunjwa vilevile.

Neno lenyewe, theluji, tunalo vinywani tangu utotoni. Kila afunguaye sala yake kwa ile dua ya kuomba aoshwe makosa yake kwa maji, theluji na barafu amelitamka kwa Kiarabu kabla ya kujua ni kitu gani. Nami nilifundishwa dua hiyo nikiwa mtoto katika chuo cha mtaani kwetu Changamwe, na kwa miaka mingi nilidhani theluji ni ule ukungu mweupe utokao friji inapofunguliwa. Kwa hiyo nilipopata safari ya kwenda kumjulia hali wifi yangu aliyejifungua, nilijiambia kwamba nitaishika kwa mkono wangu. Sikukumbuka kuuliza kwamba hata huko nako kuna kiangazi.

Siku ya tatu wifi akaniambia, "Jioni ya leo twende ukamwone mwanao akiruka."

Mwanangu huyo ni binti yake wa pili, ambaye mimi ni mkaza mjomba wake, msichana wa miaka 9 mwenye maneno mengi. Nilidhani anaruka kamba.

Siku iliyotangulia walikuwa wamenipeleka Holmenkollen, kwenye ule mnara mkubwa wa chuma ambao wachezaji huteremka kwa mbao ndefu za kutelezea, ziitwazo skii, kisha wakarushwa hewani kama mishale. Watu wameshindana kuruka mahali hapo tangu mwaka 1892, na mnara wa sasa ulikamilika mwaka 2010. Tuliupanda kwa lifti. Nilipochungulia chini nilishika chuma cha ukingoni kwa mikono miwili nikamwomba Mola anirudishe salama kwa wanangu. Basi tulipokuwa njiani kuelekea huko anakoruka mtoto, na wifi akaanza kunieleza kwamba mchezo ni uleule, miguu yangu ililegea.

Lakini kule msituni hapakuwa na mnara. Palikuwa na kilima ambacho mbuzi wa Mwakirunge angekipanda huku akitafuna, na ubavuni mwake njia tatu za kijani: moja fupi, moja ya wastani, na moja ndefu kidogo. Watoto kama ishirini walikuwa wakipanda ngazi za mbao, kila mmoja amejitwika skii zake begani, wakiteleza kwa zamu, wakipanda tena. Hapakuwa na theluji wala baridi. Palikuwa na mbu.

Niliposogea nikaona kile kilichokuwa cha kijani. Ni nyuzi za plastiki, ngumu kiasi, zilizofungwa mafungu mafungu na kulazwa safu juu ya safu, kila safu ikifunika nusu ya ile iliyo chini yake. Mpenzi msomaji, lilikuwa paa la makuti. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilikuwa paa la makuti lililotandazwa ubavuni mwa kilima, na kama vile maji ya mvua yateremkavyo juu ya makuti yetu pasi na kupenya, ndivyo watoto wale walivyokuwa wakiteremka. Kabla ya mazoezi mtu alifungua mfereji, na mabomba membamba yakanyunyiza maji njia nzima ili iteleze.

Aliyebuni mikeka hiyo ni Mjerumani, Hans Renner, kocha wa mchezo huu katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na mwaka ulikuwa 1954. Kabla yake, mrukaji alifungwa mikono na majira: theluji ikiyeyuka, naye hukaa nyumbani. Renner aliona kwamba kinachotakiwa si theluji bali utelezi. Siku hizi wakubwa nao wana mashindano yao ya kiangazi, juu ya plastiki hiyohiyo, jua likiwa utosini.

Mtoto wetu alijitokeza pale juu. Shungi lake alilibana ndani ya helmeti, na mwilini alivaa suti nzito ya kurithi iliyompwaya mabegani. Skii zilikuwa ndefu kumpita yeye mwenyewe, na visigino vyake havikufungwa, kwa kuwa katika kuruka kisigino huachwa huru. Hakuwa na fimbo mkononi. Alikaa juu ya ubao, akanitafuta kwa macho, kisha akaachia. Akainama kama mtu anayetafuta sindano, akafika ukingoni, akajinyoosha wima, na kwa muda usiofika pumzi moja hapakuwa na kitu baina yake na ardhi.

"Ya Latif!" nikapiga kelele, na msitu mzima ukageuka kunitazama.

Alikuwa ameshatua zamani, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, magoti yamelegezwa, mikono imekunjuliwa kando. Alikuwa akiteleza kwenda zake chini, akicheka. Mita 8, wakasema.

Mama mmoja wa Kinorwei aliyeketi karibu nami na chupa yake ya kahawa alinihurumia. Alisema neno, wifi akanifasiria: "Usimtazame mtoto. Itazame ardhi." Akaniwekea mikono yake miwili hewani, mmoja juu ya mwingine. Wa juu akaushusha taratibu, na wa chini nao akaushusha vilevile, ukiufuata, hata ile nafasi iliyokuwa baina yake ikabaki nyembamba mpaka mwisho, na mikono ikakutana bila ya kugongana. Ndiyo siri yote. Mtoto harushwi juu angani. Huondoka ukingoni, na ardhi inashuka pamoja naye. Hata wale wakubwa wa Holmenkollen, wanaoondoka kwa mwendo wa karibu kilomita 90 kwa saa, huwa mita chache tu juu ya mteremko, ingawa machoni petu huonekana kama wametoka mawinguni. Mguu ugusapo chini, ardhi haiupigi. Huupokea na kuusindikiza. Kila kilima hupimwa kwa umbali uliokusudiwa mtu atue: kile cha watoto ni cha mita 10, na cha Holmenkollen ni cha mita 120. Hatari iko pale mteremko unapokwisha. Anayeruka akavuka mpaka wake na kuangukia tambarare, huyo ndiye huvunjika.

Nilimwuliza mama yule kama wasichana huruka tangu zamani. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyeulizwa habari ya madeni. Ingrid Olsdatter Vestby aliruka mbele ya hadhara huko Trysil mwaka 1862. Wanaume walipewa nafasi katika Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi mwaka 1924. Wanawake wakangoja mpaka mwaka 2014, kule Sochi nchini Urusi, ambapo Carina Vogt wa Ujerumani alishinda. Ni miaka 90 baina ya hao na hawa. Na katika kungoja huko, mwaka 2005, rais wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo alisema hadharani kwamba kwa mtazamo wa kitabibu kuruka hakuonekani kuwafaa wanawake. Warukaji wakafika mpaka mahakamani nchini Kanada kabla ya michezo ya Vancouver ya mwaka 2010, wakashindwa. Nilistaajabu. Nilikuwa nikidhani kwamba ni sisi tu wenye wazee wa kutuambia mguu wa mwanamke unaishia wapi.

Tulipokuwa tukirudi nilimwuliza wifi, "Na mama amejua?"

"Bado," akasema. Tukaenda kimya. Kisha akasema, "Mwambie wewe, wifi. Wewe anakusikiliza."

Basi nikarudi na sweta mbili, zawadi za watu, na siri ya wifi yangu. Mavyaa anaishi nasi. Ni mwanamke wa Likoni, aliyelelewa na bahari mlangoni, na hakuna jambo la nyumba yetu linalofanyika bila ya rai yake. Kila wiki nilijiambia, Ijumaa hii nitamwambia. Ijumaa zikapita mpaka kaskazi ikaingia.

Siku moja ya Januari binti yangu wa miaka 10 alirudi nyumbani na kiwiko kimechubuka, dera limechanika ubavuni, na mkononi ameshika nusu ya mtungi. Ilikuwa mitungi ile ya manjano ya lita 20, inayokuja na mafuta ya kupikia kisha hugeuka ya maji. Mmoja ukitoboka, watoto huupasua kwa urefu, na kila nusu huwa chombo. Alikuwa Nguu Tatu na wenzake. Wanakalia mtungi, wanateremka juu ya nyasi zilizokauka, na mbele wameweka tuta la udongo ili mtungi uruke. Mwaka uliopita mtoto wa jirani alivunjika mkono papo hapo.

Mavyaa hakupaza sauti. Alisema tu, "Nguu Tatu basi," akarudi kwenye mchele wake aliokuwa akiuchagua. Mtoto akanitazama mimi. Nami, badala ya kumtazama mtoto, nikaenda kuchukua simu, nikamwekea mavyaa ile picha ya video niliyoipiga msituni, pamoja na ukelele wangu ndani yake.

Aliitazama mara mbili. "Huyu ni nani?" akauliza, hali ya kuwa amekwisha mjua. Hakuna nyanya asiyemjua mjukuu wake kwa namna anavyocheka.

Nilitazamia hasira. Akaweka ungo chini, akatusimulia habari ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka 14 ya ndoa yangu. Alikuwa na kaka. Watoto wa Likoni wa wakati ule waliteleza kwenye kingo za udongo zinazoshuka pwani, masika yanaponyesha, wakiwa wamekalia magutu mapana ya makuti, na wadogo wakikalia makarara. Yeye naye aliteleza, mpaka siku alipoambiwa amekuwa mkubwa. Kaka yake hakutosheka na kuteleza. Alitafuta mahali ukingo ulipokatika, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekauka, akaja mbio akaruka. "Aliruka vizuri," mavyaa akasema. "Wote tulishangilia. Ila chini palikuwa sawa." Alichechemea mpaka alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kisha akaitazama video mara ya tatu. "Hapa chini si sawa," akasema. "Nipeleke nikaone huko kwenu."

Jumapili asubuhi, baada ya mahamri, tulipanda tuktuk watu watano na mtungi mmoja, tukapita Bamburi Mtambo, tukaiacha lami. Kwa asiyepajua, Nguu Tatu ni vilima vilivyo nyuma ya Bamburi, upande wa bara, na jina lake ni la watu waliojua Kiswahili chao: nguu ni kilele cha mlima, neno ambalo wanangu walilijua kwanza kama jina la kituo cha matatu. Si mirefu. Lakini sisi watu wa pwani tumezoea nchi ya bapa, na ukisimama pale juu unapata kitu ambacho Mombasa haikupi kwa urahisi, yaani kuiona yote kwa pamoja. Mbele yako ni Bahari ya Hindi na mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba. Chini ni kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954, mwaka uleule wa mikeka ya Renner, na mivinje iliyopandwa tangu 1971 juu ya mashimo kilikochimbwa mawe. Kusini ni kisiwa na majumba yake, na ndege zinazoinama kwenda kutua upande wa kwetu Changamwe. Likoni hatukuiona, lakini mavyaa alinyosha kidole akasema iko pale, nami sikumbishia.

Watoto walikuwa wamefika. Walipomwona bibi mzee wa buibui akishuka kwenye tuktuk na bakora yake, nusu yao walikimbia.

Hakumgombeza mtu. Aliteremka polepole kando ya njia yao, akigonga nyasi kwa bakora, mpaka akafika kwenye lile tuta. Lilikuwa limejengwa karibu na mwisho wa mteremko, mahali mtungi unapokuwa umeshika kasi kuliko kote, na hatua nne mbele yake ilipita barabara ya vumbi, ngumu na tambarare kama sakafu. Alisimama hapo kwa muda. "Ni hapa alipovunjika yule mtoto?" Ni hapo. "Basi si kosa lake. Mumemrushia sakafuni." Akahesabu hatua kupanda juu, nane, akapiga bakora chini. "Tuta lije hapa."

Wavulana walinung'unika kwamba hapo mtungi hautakuwa na kasi. Mkubwa wao, kijana wa miaka kama 13, alimweleza kwa adabu, "Nyanya, hapa hatutaruka mbali." Akamjibu kwamba yeye hakuja kutazama umbali. Wakachimba. Nami nilimtazama mama huyu asiyewahi kuvuka mpaka wa Kenya akilifanya kwa bakora jambo lilelile alilonionesha yule mama wa Kinorwei kwa mikono yake miwili.

Zikapangwa zamu. Wavulana watangulie, kisha wakapumzike chini ya mwarobaini wakiupa mteremko mgongo, ndipo wasichana nao wateleze. Wasichana walivaa suruali ndani ya madera, na madera wakayafunga fundo kiunoni. Wakati wa kungoja mavyaa aliniuliza kama mtu yeyote wa kwetu amewahi kuingia katika michezo ya theluji. Nikamwambia habari ya Philip Boit wa Bonde la Ufa, aliyekwenda Nagano nchini Japani mwaka 1998 akashika nafasi ya 92, ya mwisho kabisa katika mbio za kilomita 10 za skii. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie, na Boit akampa mwanawe wa kiume jina la Dæhlie. Mavyaa alisema huyo ni wa bara, wamezoea baridi.

"Sabrina Simader, basi," nikasema. "Alishindana katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea, mwaka 2018, kuteremka milima kwa skii. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Kenya katika michezo hiyo. Amelelewa Austria tangu akiwa na miaka 3, lakini alizaliwa Kilifi."

"Kilifi hii?"

"Kilifi hii."

Akageuza uso kaskazini, kama kwamba Kilifi ingeonekana kutoka pale.

Zamu ya binti yangu ilifika. Nilijikaza nisipige kelele. Alikaa ndani ya mtungi wake, akashika kingo zake, rafiki yake akamsukuma. Nyasi zilizochomwa na kaskazi huteleza kuliko unavyodhani. Mtungi ulitoa sauti ya kitambaa kinachopasuliwa, ukafika kwenye tuta, ukainuka. Nilifanya nilivyofundishwa. Sikumtazama mtoto. Niliitazama ardhi, nikaiona ikishuka chini yake, na mtungi ukaigusa bila ya kishindo ukaendelea zake, mpaka ukasimama wenyewe kwenye majani marefu, kabla ya barabara.

Mavyaa aliteremka hadi pale ulipotua mtungi, akachomeka kijiti. Hakuwa na kipimo. Akavua leso aliyojitanda juu ya buibui, akaitandika kutoka kwenye tuta kwa urefu wake, kisha akamalizia kwa mkono. Leso moja na shubiri mbili. Akalitangaza kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwake, na wavulana chini ya mwarobaini wakasahau amri wakageuka.

Tulikaa mpaka jua lilipokuwa kali. Viwiko viwili vilichubuka, na mtungi mmoja ulipasuka ukafa kabisa. Nilimwuliza mavyaa kama wiki ijayo niwaruhusu waende peke yao, akanijibu kwamba peke yao hapana, atakuja yeye, na tuta asilisogeze mtu. Hiyo ndiyo ruhusa iliyotolewa, na sidhani kama itapanuliwa.

Usiku tulipiga simu Oslo. Wifi alipoiona sura ya mama yake kwenye kioo alinyamaza, akanitafuta mimi nyuma yake. Mavyaa hakumpa nafasi ya kujitetea. Alimtaka mjukuu, akamweleza habari yote ya mtungi, tuta na leso, na yule mtoto akasikiliza kama fundi anayepewa hesabu za fundi mwenzake.

"Nyanya," akauliza mwishowe, "maji mlimwaga? Bila maji plastiki haitelezi vizuri."

"Maji?" akasema mavyaa. "Hapa maji tunayanunua kwa mtungi, mwanangu. Mitungi yenyewe ndiyo hiyo mliyonipasulia."